Televisheni ya setilaiti: je, dekoda inahitaji laini ya simu ya nyumbani?

Jibu ni fupi: hapana. Picha ya televisheni ya setilaiti inashuka kutoka angani mpaka kwenye parabola, inapita katika kebo na kuingia kwenye dekoda. Katika safari hiyo yote hakuna mahali inapokutana na waya wa simu. Hata hivyo, kwa miaka mingi huko Marekani na Uingereza, kampuni za televisheni ziliandika katika mikataba yao kwamba mteja anapaswa kuunganisha dekoda na simu ya nyumba yake. Mahali pengine, asiyefanya hivyo aliongezewa pesa za kulipa kila mwezi.

Kama picha haihitaji waya huo, kwa nini waliudai? Swali hili si la historia tu. Linarudi leo katika miji yetu kwa sura nyingine. Simu ya waya haipo tena, lakini dekoda mpya zinakuja na Wi-Fi, na wauzaji wanaanza kusema habari ya intaneti. Jamaa inayokusanya pesa kwa shida ili ilipe abonema ya mwezi ina haki ya kujua kitu gani ni cha lazima na kitu gani ni cha kuongezewa tu.

Picha inatoka juu, na haiulizi kitu

Setilaiti za televisheni zinakaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita karibu 36.000 kutoka ardhini. Zinazunguka kwa mwendo mmoja na dunia, ndiyo sababu kwa macho yetu ni kama zimesimama. Kampuni inarusha picha kutoka kituo chake cha ardhini, setilaiti inaipokea na kuirudisha chini juu ya eneo kubwa, pengine inchi nyingi kwa mara moja.

Mtu wa Goma au Bukavu anaweza kuona jambo hili kwa macho. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, parabola zetu nyingi zinaangalia juu sana, karibu kama sahani iliyowekwa mezani. Huko London parabola imeinama na kuangalia upande wa kusini, kwa sababu kutoka kule setilaiti iko chini zaidi angani.

La maana ni hili: njia hiyo ni ya upande mmoja. Parabola ya kawaida inapokea, haitumi. Ni kama redio. Kituo cha redio hakijui ni nani anayekisikiliza Uvira na nani amezima Butembo. Setilaiti pia haijui kama dekoda yako imewaka. Haikuulizi kitu, na wewe huwezi kuijibu kupitia parabola hiyo.

Basi dekoda inajuaje kwamba umelipa?

Hapa ndipo watu wengi wanafikiri kwamba lazima kuwe na waya au mtandao fulani. Kama dekoda haizungumzi na kampuni, nani anaiambia ifungue chaneli?

Jibu linatoka kulekule angani. Pamoja na picha, kampuni inatuma amri ndogondogo zilizofichwa. Kila dekoda, au kadi iliyo ndani yake, ina namba yake. Ukilipa, ofisi ya kampuni inatuma amri yenye namba yako: fungua chaneli hizi mpaka tarehe fulani. Dekoda zote zilizo chini ya setilaiti hiyo zinapitiwa na amri hiyo, lakini ile yenye namba inayolingana ndiyo inayotii. Picha zenyewe zimefungwa kwa ufunguo unaobadilika kila baada ya sekunde chache, na ni kadi iliyopata ruhusa peke yake inayoweza kuufungua.

Ndiyo sababu ukimaliza kulipa unaambiwa uache dekoda ikiwaka kwa dakika kadhaa. Kampuni haina njia ya kujua kama amri yake imefika, basi inairudia mara nyingi kwa muda fulani. Kama wakati huo umeme ulikuwa umekatika, au mvua kubwa ilikuwa imefunika mji, amri inaweza kupita dekoda ikiwa haisikii. Mtu anasema, «Wamekula pesa yangu,» na kumbe pesa imefika vizuri. Ni amri iliyokosa masikio. Dawa yake ni kuomba kampuni itume amri tena, dekoda ikiwa imewashwa. Hakuna waya wa simu wala mega zinazohitajika hapo.

Kwa nini Wamarekani na Waingereza walitaka waya

DirecTV ilianza kazi Marekani mwaka wa 1994, na Dish Network ikafuata mwaka wa 1996. Nyuma ya dekoda zao kulikuwa na tundu la waya wa simu, na ndani yake modemu ndogo. Uingereza, Sky ilianza televisheni yake ya dijitali tarehe 1 mwezi wa kumi 1998, na dekoda yake pia ilikuwa na tundu hilo. Sababu zilikuwa tatu, na hakuna hata moja iliyohusu picha.

Ya kwanza ni biashara ya filamu na ngumi. Mteja alibonyeza kitufe cha rimoti, akanunua filamu au pigano kubwa la ndondi, na dekoda ikalifungua palepale. Deni liliandikwa ndani ya kadi. Baadaye, mara nyingi usiku, dekoda ilipiga simu yenyewe kwenye kompyuta ya kampuni na kutoa hesabu: mteja huyu amenunua hiki na hiki. Bila waya, kampuni isingejua ni kitu gani cha kumdai. Asiyekuwa na simu aliweza kuagiza kwa kupiga simu mahali pengine, lakini si kwa kitufe.

Ya pili ni dekoda ya pili. Nyumba nyingi za Wamarekani zina televisheni katika chumba hiki na kile. Kampuni zilikubali kutoa dekoda ya pili na ya tatu kwa bei ndogo, pengine dola 5 hivi kwa mwezi, badala ya abonema nzima. Hapo udanganyifu ukaingia: mtu anachukua dekoda nne kwa jina lake, anabaki na moja na kuwagawia ndugu na majirani tatu. Wote wanaangalia kwa abonema moja. Dawa ya kampuni ilikuwa simu. Kama dekoda zote zinapiga kutoka namba moja ya nyumbani, basi ziko katika nyumba moja. Dish Network iliongeza malipo kwa dekoda fulani zisizounganishwa na simu. Sky nayo ilidai kwamba dekoda za vyumba mbalimbali ziunganishwe na laini moja.

Ya tatu ilikuwa duka ndani ya televisheni. Hapa hadithi ya Uingereza inafundisha sana. Mwaka wa 1999 Sky ilianza kuwapa wateja dekoda bila malipo. Lakini kitu cha bure kina mwenye kukilipia. Bei ya dekoda ilipunguzwa kwa msaada wa kampuni ya pamoja iliyokuwa ya Sky, kampuni ya simu BT, benki HSBC na kiwanda cha Matsushita. Kampuni hiyo ilifungua huduma iliyoitwa Open, ambako mtu aliweza kununua vitu, kuangalia akaunti ya benki na kucheza michezo kupitia rimoti. Kwa hiyo mteja aliyepata dekoda kwa bei hiyo alitia sahihi kwamba ataiacha ikiunganishwa na simu kwa miezi 12. Bila waya, duka halina mlango.

Tukiweka sababu hizo tatu pamoja, tunaona kwamba waya ulikuwa wa kampuni zaidi ya kuwa wa mteja. Ulibeba hesabu, ulinzi na biashara. Ni kweli mteja alipata faida fulani, kama kununua filamu bila kutoka kitini, au kuona kwenye kioo cha televisheni namba ya mtu anayempigia simu. Lakini aliyechomoa waya huo aliendelea kuona habari, mpira na filamu za kila siku kama kawaida.

Kwetu njia ilikuwa nyingine

Sharti kama hilo halingeweza kusimama Kongo. Laini za simu za waya za shirika la serikali, lililoitwa OCPT na leo SCPT, hazikufikia hata mara moja nyumba za watu wa kawaida, na hata zile chache zilizokuwapo ziliharibika. Ni kwa sababu ya simu hizo mbovu Telecel ilianza kuuza simu zisizo na waya Kinshasa mwaka wa 1986, wakati inchi nyingi za Afrika hazijafikiria jambo hilo. Wakati huo zilikuwa za viongozi na matajiri. Miaka michache baada ya 2000, simu ya mkononi ilikuwa imefika mpaka sokoni, na jamaa nyingi zikaruka kabisa hatua ya simu ya waya.

Kampuni za televisheni zinazouza Afrika zilipaswa kufikiri namna nyingine. Kwa upande wa malipo, mteja mwenyewe ndiye aliyekuwa waya wa kurudi. Analipa kwa wakala au kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, anatoa namba ya dekoda, na amri inashuka kutoka setilaiti. Simu inafanya kazi, lakini iko mfukoni mwa mtu, haikufungwa kwenye dekoda.

Kwa filamu za kununua, MultiChoice ya Afrika Kusini, yenye DStv, ilitafuta ujanja mzuri. Filamu zilitumwa kwa setilaiti na kuhifadhiwa mbele ndani ya dekoda yenye diski. Mteja aliagiza kwa ujumbe wa simu, kisha amri ya kufungua filamu ikashuka kutoka juu. Na kwa dekoda ya pili, DStv ilitumia kebo fupi inayounganisha dekoda mbili za nyumba moja. Ile kubwa inapeleka alama kwa ndogo, na ndogo ikikosa alama hiyo kwa muda, inafunga chaneli. Ni kazi ileile ya waya wa simu wa Wamarekani, yaani kuhakikisha kwamba dekoda zote ziko chini ya paa moja, lakini bila simu.

Mfano huo unaonyesha kwamba waya haukuwa sheria ya teknolojia. Ulikuwa chaguo la biashara katika inchi ambako karibu kila nyumba ilikuwa na simu ukutani. Na huko pia mambo yamegeuka. Marekani, watu wazima wengi leo wanaishi katika nyumba zisizo na simu ya waya, na Uingereza imepanga kufunga mtandao wake wa zamani wa simu za waya mwezi wa kwanza 2027. Sharti la zamani limekufa pamoja na waya wenyewe. Nafasi yake imechukuliwa na intaneti.

Intaneti ni waya mpya

Biashara hii inabadilika sasa hivi hapa Afrika. Mwezi wa tisa 2025, Canal+ ya Ufaransa ilichukua usukani wa MultiChoice. Miezi mitatu mbele, Canal+ ilikuwa imetangaza masikilizano na Netflix kwa inchi 24 za Afrika. Filamu za Netflix hazitoki kwenye parabola. Zinapita kwenye intaneti. Kampuni zitasukuma zaidi dekoda zenye njia mbili, parabola kwa chaneli za kawaida na intaneti kwa filamu za kuchagua.

Hakuna ubaya katika jambo hilo, ila mteja ajue hesabu. Filamu inayopita kwenye intaneti inaweza kula giga 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, na mpaka giga 3 kwa picha safi zaidi. Anayenunua mega kwa siku au kwa juma anaweza kumaliza forfait yake kabla filamu haijaisha. Chaneli za setilaiti, kwa upande wake, hazili hata mega moja, hata ukiangalia mchana na usiku.

Kuna hesabu nyingine isiyoonekana. Dekoda isiyo na njia ya kurudi haiwezi kumwambia mtu yeyote unaangalia nini. Dekoda iliyounganishwa na intaneti inaweza kupeleka habari hizo: chaneli gani, saa ngapi, kwa muda gani. Huko Ulaya na Marekani habari za namna hiyo ni mali inayouzwa kwa watangazaji. Katika eneo ambako kuangalia kituo fulani cha habari kunaweza kumletea mtu maswali, hilo si jambo la kucheka.

Pia kuna mtego. Ukisikia mtu anauza dekoda ambayo, ikiunganishwa na intaneti, inafungua chaneli zote bila abonema, fahamu namna inavyofanya kazi. Mahali fulani kuna kadi iliyolipiwa, na mtu anachukua funguo zake na kuzigawa kwa intaneti kwa dekoda nyingi. Ni wizi, na wenye kampuni wanapobadilisha mfumo wao wa kufunga, picha inakufa siku hiyohiyo. Mnunuzi anabaki na sanduku tupu, na hana pa kwenda kulalamika. Hapo intaneti ni ya lazima kweli, lakini kwa sababu njia ya haki imekwepwa.

Wakati wa vita, jambo hili lina uzito

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mapigano yalipofika Goma, umeme na intaneti vilikatika, na wakaaji walishinda siku wakitafuta habari kwa shida. Baadaye benki zilifunga milango, na hata pesa taslimu zikawa ngumu kupatikana.

Katika hali hiyo, tofauti kati ya dekoda ya parabola peke yake na dekoda inayotegemea intaneti inaonekana wazi. Setilaiti haipiti kwenye mnara wa Goma wala kwenye kebo ya Bukavu. Mwenye sola ndogo, betri na parabola aliweza kuendelea kupata habari za dunia hata mtandao wa simu ukiwa umelala, mradi abonema yake ilikuwa hai. Lakini hapo pia kuna udhaifu wake: siku ya kulipa ikifika na mtandao wa simu umekatika, hakuna njia ya kutuma pesa. Picha iko juu ya nyumba yako, lakini mlango umefungwa.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba setilaiti inamfanya mtu kuwa huru kabisa. Picha haihitaji mtandao, lakini malipo yanauhitaji. Katika miji yetu, simu ndiyo kamba nyembamba inayoshikilia televisheni yote. Jamaa inayokaa mahali pasipo na usalama inaweza kupima kama ni vizuri kulipa siku chache kabla abonema haijaisha, kuliko kungoja siku ya mwisho. Tena, redio ndogo ya betri ina kazi yake bado, kwa sababu haina abonema na hakuna anayeweza kuifunga kwa amri ya mbali.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Anayetaka kununua dekoda amwulize muuzaji mambo manne. La kwanza: je, chaneli za kawaida zitaonekana bila intaneti? Kama ni dekoda ya setilaiti ya kweli, jibu ni ndiyo. La pili: ni huduma gani zitakosekana bila intaneti? Kwa kawaida ni filamu za kuchagua na kurudia vipindi vilivyopita. La tatu: dekoda ya pili italipiwa namna gani, na kampuni itahakikishaje kwamba iko katika nyumba yangu? La nne: kama bei imepunguzwa sana, ni sharti gani limefichwa kwa miezi ijayo?

Wale wenye ndugu Ulaya au Amerika wajue jambo moja zaidi. Dekoda ya DirecTV au ya Sky iliyoletwa katika sanduku la safari haitafanya kazi hapa, hata ikiwa na waya wa simu au Wi-Fi nzuri. Setilaiti za DirecTV ziko upande mwingine wa dunia, na kutoka Kivu ziko chini ya upeo wa macho. Zile za Sky zinaelekeza picha zake Ulaya. Pesa za kusafirisha dekoda kama hiyo ni pesa zilizopotea. Ndugu anayetaka kusaidia afadhali atume pesa za abonema.

Mamlaka ya hapa inchini pia yana kazi. Kampuni zinazouza abonema zingepaswa kuandika kwenye sanduku la dekoda, kwa lugha ambayo wakaaji wanaielewa, kitu gani kinahitaji intaneti na kitu gani hakihitaji, na pia habari gani za mteja zinatumwa kupitia njia ya kurudi. Waingereza wa 1999 walitia sahihi sharti la miezi 12 wakijua kwamba lipo, kwa sababu lilikuwa limeandikwa. Mteja wa Bunia au wa Kalemie anastahili karatasi iliyo wazi namna hiyo kabla ya kutoa pesa yake.